Mchanga Chini ya Ulimi

Marijani aliyapanga makopo manne juu ya sakafu ya baraza, kila kopo na namba yake ya chokaa, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kutoa kalamu mfukoni.

"Shikamoo, Bi Mwanahalima."

"Marahaba. Sijala bado."

"Ndiyo maana nimewahi, bibi."

Ulimi uliokwisha kula haufai kwa kazi hii. Si chai, si kiporo cha muhogo, wala tambuu, ambayo Bi Mwanahalima aliipenda kuliko chakula. Alichota maji ndooni kwa kata, akasukutua mara tatu, akayatema kwenye mchicha uliojiotea pembeni mwa baraza. Akabana mchanga wa kopo la kwanza kwa vidole viwili, akauweka chini ya ulimi, akafumba macho. Marijani alikuwa pande la mtu kutoka Kilwa, msimamizi wa vibarua arobaini, mwenye sauti ya kufukuza ngedere shambani, lakini kila bibi huyu alipofumba macho yeye alisimama kimya kama mtu aliyeingia msikitini kachelewa.

"Mtamu," alisema Bi Mwanahalima, akatema. Akasukutua tena. "Na huu mtamu." Kopo la tatu lilimkunja uso. "Chumvi. Huu mmeutoa karibu na mikoko."

"Umelenga, bibi. Mashine ya Dar ingenichukua wiki tatu kuniambia hivyo."

Kopo la nne lilikuwa tamu pia. Marijani aliandika, akaacha pale barazani mfuko wa sembe na mche wa sabuni, akafunga makopo kwenye pikipiki na kuondoka. Bi Mwanahalima alishinda siku nzima akitafuna chembe za mchanga zilizojificha kwenye meno machache aliyobakiwa nayo.

Kazi hii hakuitafuta. Baba yake alikuwa mchimba visima wa Mkadini na vitongoji vyote vya njia ya kwenda Ras Mkumbi. Akiwa shimoni, kila alipoteremka mkono mmoja, alimpandishia binti yake teko la mchanga ndani ya ndoo, na yule binti, aliyekuwa hata hajaanza chuo cha Kurani, aliuonja na kumpigia kelele kutoka juu: mtamu, au chumvi. Akisema chumvi, mzee alipanda, akalifukia shimo lake, akaenda kujaribu pengine. Ulimi wa mtu mzima umeshaungua kwa tambuu na tumbaku, alisema, lakini ulimi uliozoeshwa tangu utotoni hauharibiki. Katika maisha yao yote hakumpiga ila mara moja tu, siku alipochoka na jua akasema mtamu ili warudi nyumbani. Kijiji cha watu kinywe maji ya chumvi, alimuuliza huku akimchapa, kwa sababu wewe umechoka? Tangu hapo Bi Mwanahalima alidanganya katika mengi, kama watu wote, lakini si katika hilo.

Marijani alipokuja mara ya kwanza, mwaka mmoja nyuma, Bi Mwanahalima alimcheka. Kampuni yake ilikuwa inajenga gati na hoteli kule mbele, na ati inatafuta mchanga.

"Kisiwa kizima mchanga," alimwambia. "Hata kwenye wali wetu umo."

"Mchanga upo, bibi. Wa kujengea ndio haupo. Wa pwani una chumvi, unakula nondo, ukuta unapasuka. Bara nako mito imechimbwa mpaka imebaki mifupa. Kuuleta kwa meli, bei yake utadhani wanakuletea sukari. Kuna nchi zina jangwa macho hayafiki mwisho, na zinanunua mchanga kwa watu."

"Wa kwao una nini?"

"Umeviringika. Haushikani na saruji."

Bi Mwanahalima aliliwaza jambo hilo kwa siku kadhaa, kwamba kuna watu wamelala juu ya mchanga na bado wanautamani wa mwenzao. Lakini wakati huo mwani aliokuwa akilima ulikuwa umekufa wote kwa joto la maji, mara mbili mfululizo, na Saleha, binti yake aliyeolewa Mbagala, alikuwa na watoto wanne na mume asiye na kazi. Mfuko wa sembe si kitu cha kukataa. Akauweka mchanga mdomoni.

Mkadini ilikuwa nyumba saba juu ya tuta moja refu la mchanga mweupe, bahari mbele, mikoko nyuma, na kisima kimoja katikati. Kisima hicho alikichimba baba yake, akakijengea mawe ya matumbawe kutoka chini hadi juu, na marehemu Abeid, mume wa Bi Mwanahalima, alikitunza miaka thelathini. Kilikuwa mlangoni kwao. Nyumba zote saba zilikunywa hapo. Wanawake waliotoka mwanini walipita kunawa miguu na kusengenya, na alfajiri ndoo za kwanza zilipogonga mawe Bi Mwanahalima alijua nani ni nani kwa mgongano tu: huyu Kijakazi, ana haraka, huyu Biubwa, hajui kuvuta kamba mpaka leo.

Kiwanja cha Kijakazi kilikuwa kitamu. Wakamlipa, akaenda kwa wanawe Kilindoni, na katapila likakifanya shimo. Kiwanja cha Ussi kilikuwa kitamu. Cha wale ndugu wawili wa Jibondo kilikuwa kitamu. Kila aliposema neno lile nyumba moja ilivunjwa, na wenyewe waliondoka wakicheka, wamebeba magodoro juu ya malori, wakimpungia mkono. Hakuona ubaya wowote. Mtu akilipwa akaenda, heri yake. Ubaya aliuona alfajiri, ndoo zilipopungua.

Wa mwisho alikuwa Biubwa.

Biubwa alikuja siku ambayo kiwanja chake kingeonjwa kesho yake. Aliketi barazani, akakunjua tambuu, akamkatia shoga yake kipande kikubwa kuliko chake.

"Halima, kesho utasema nini?"

"Nitasema nitakachoonja."

"Kiwanja changu kipo upande wa mikoko. Unajua wewe, najua mimi. Wakiambiwa chumvi hawanilipi hata nauli." Akamshika goti. "Sema mtamu. Neno moja tu, shoga yangu. Nani atajua?"

"Ukuta utajua."

"Ukuta wa nani? Wako?"

Bi Mwanahalima alijua kwamba Biubwa ana kikohozi, kwamba mwanawe amemwambia njoo lakini uje na kitu, kwamba wamezaliwa masika moja na kuchezwa unyago pamoja. Yote aliyajua. Asubuhi akauweka mchanga wa Biubwa chini ya ulimi, na chumvi ikamchoma, na akasema chumvi. Katapila likakipita kiwanja kile na kwenda kwingine. Biubwa aliondoka wiki ile ile kwa mguu, ndoo kichwani na mkeka kwapani, kwenda kwa mwanawe njia ya Kirongwe. Alipopita mbele ya kisima hakugeuza shingo. Bi Mwanahalima alisimama mlangoni na salamu yake mdomoni mpaka njia ikawa tupu.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu. Mchana malori yalipiga kelele upande wa mashimo, jioni yakanyamaza, na yeye akajikuta anazungumza na kuku. Aliteka ndoo mbili kila alfajiri ingawa moja ilimtosha, ili asikie mgongano. Saleha alipopiga simu Ijumaa alimwambia yu mzima, Alhamdulillahi, na simu ilipokatika alibaki ameishikilia sikioni. Alikuwa mpweke, na aliona haya kwamba ni mpweke, kana kwamba amejitakia.

Muhidini, mtendaji wa kijiji, alikuja na Marijani siku ya Jumatano. Alikuwa na shati la mikono mirefu, kabrasha kwapani, na jua lilikuwa limempiga.

"Mama, hujambo? Nipatie kwanza maji ya kunywa, nakufa."

Alimpa kikombe. Akakinywa chote bila kupumua, akanyoosha mkono, akapewa cha pili. Akafuta midomo kwa kitambaa.

"Tumekuja kwa ajili ya kisima," alisema. "Maji yake na mchanga wake. Kampuni inataka maelezo yako kwa maandishi, maana wewe ndiye mtaalamu." Akacheka kidogo kwa neno hilo.

Zamu ya kisima, aliwaza Bi Mwanahalima. Basi imefika. Mwaka mzima alikuwa anaungoja mguu huu bila kujiambia. Alikwenda kisimani mwenyewe, akateremsha ndoo, akateka mchanga wa chini kwa kopo lililofungwa kwenye upondo. Alisukutua kwa maji ya kisima kile kile. Akauweka mchanga wa baba yake chini ya ulimi, akafumba macho, na ulikuwa mtamu kama siku ile ndoo ya kwanza ilipopanda. Palepale aliliona akilini katapila likikipita kiwanja cha Biubwa. Wanachotaka ni kitamu. Cha chumvi wanakipita.

"Chumvi," alisema.

Marijani aliinua uso. "Chumvi?"

"Tangu masika. Bahari imeingia."

Marijani aliutazama mchicha pembeni mwa baraza, mbichi, mnene, unaomwagiwa maji hayo kila siku. Akamtazama bibi. Akaanza kukwangua tope kwenye kiatu chake.

"Maji nayo?" aliuliza Muhidini, kalamu mkononi.

"Chumvi."

"Kwa hiyo hayanywewi."

"Hayanywewi."

"Nani anakitumia kisima kwa sasa?"

"Hakuna. Wameondoka wote."

Muhidini aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri wa shule. Akamsomea: kisima kina maji ya chumvi, hakinyweki, hakitumiki. Akamletea kidau cha wino. Bi Mwanahalima alikandamiza dole gumba lake kwenye karatasi. Ilikuwa mara ya pili maishani mwake kusema uongo juu ya mchanga, na baba yake hakuwapo kumchapa. Walipoondoka aliketi. Alifurahi. Kisha akakiona kikombe kimelala juu ya sakafu, kikavu, na furaha yake ikaingiwa na mashaka, asijue kwa nini.

Katapila lilikuja baada ya siku kumi na sita. Halikupita. Liligeuka pale kilipokuwa kibanda cha Ussi, likashusha kijiko, likaanza kula tuta kuelekea mlangoni kwake. Bi Mwanahalima alikimbia mbele yake akipunga upande wa kanga. "Chumvi! Huku ni chumvi!" Dereva alizima mashine, akatoa kichwa dirishani.

"Tunajua, mama. Huu unakwenda nyuma ya ukuta wa gati. Wa kujazia tu. Huko hawachagui."

Alitembea mpaka ofisi ya kijiji bila viatu. Muhidini alikuwa anakula maandazi. Alimwekea kiti.

"Piga simu, Muhidini, wasimamishe. Kisima changu."

"Kisima kipi, mama?"

"Unakijua."

Muhidini alifungua kabrasha, akaitoa ile karatasi, akaiweka mezani ikimwelekea Bi Mwanahalima, dole gumba lake la zambarau chini.

"Kisima cha maji ya kunywa hakiguswi hivi hivi," alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko makelele. "Waje watu wa maji, waje watu wa mazingira, kijiji kikae kikao, mihuri mitano. Mwaka mzima, na pengine wangeshindwa. Kisima cha chumvi ni shimo. Shimo halina kikao."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nilidanganya," alisema Bi Mwanahalima. Maneno yalitoka kwa shida. "Maji ni matamu. Wallahi ni matamu. Twende ukayaonje."

"Sasa nitajuaje uongo ni upi? Wa siku ile au wa leo?"

"Uliyanywa! Ulikunywa vikombe viwili, Muhidini, nimekupa kwa mkono wangu."

Mtendaji alitikisa makombo ya andazi kwenye shati.

"Mimi sikwenda pale kunywa maji, mama. Nilikwenda kuandika."

"Basi nilipwe kiwanja."

"Wenzako walilipwa mchanga mtamu, si kiwanja. Uko ndani ya mita sitini za pwani. Pale hapana kiwanja cha mtu. Ulikuwa unaishi tu."

"Na wao wanaochimba?"

"Wao wana kibali." Alisimama, akamshika mkono kumsaidia kuinuka, kama mwana anavyomwinua mama yake. "Nyumba hawataivunja. Nimewaambia mimi mwenyewe. Nimekupigania hapo."

Kweli nyumba hawakuivunja. Waliiacha juu ya kipande cha tuta kilichobaki, na ukitoka mlangoni hatua nane unakuta ukingo. Mawe ya kisima nayo waliyaacha, kwa kuwa matumbawe yanavunja meno ya kijiko na hayafai kujazia. Walichimba kukizunguka. Mchanga ulipoondoka, kisima kilibaki kimesimama peke yake katikati ya shimo, duara la mawe lenye kimo cha mtu na nusu, boriti yake juu, na kamba ya usumba imening'inia. Maji ya bahari yalipojaa yalipanda kutoka chini ya shimo na kukizunguka, yakipwa yanaacha povu la manjano. Siku ya kwanza Bi Mwanahalima alishuka kwa kupapasa, akaliwekea sikio jiwe la chini, lile ambalo hakuna aliyeliona tangu baba yake alipolipanga. Halikuwa na sauti yoyote.

Kiwanja cha Biubwa nacho kilikuwa kimechimbwa, wakati mmoja na chake. Cha kujazia. Biubwa hakupewa hata nauli. Bi Mwanahalima alitaka kwenda kumweleza, akavaa buibui mara mbili, na mara zote mbili akalivua. Angemwambia nini? Kwamba kwako sikudanganya, kwangu nikadanganya, na yote yamekwenda?

Saleha alisema njoo. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanagombania kitanda. "Nitakuja," alisema Bi Mwanahalima. Mchicha ulikauka. Maji alikuwa anayapata kwa Marijani, dumu moja la njano kila siku ya pili, yanayoletwa na boza la vibarua, yenye harufu ya mpira. Marijani alilishusha mwenyewe kwenye pikipiki, akaliweka kivulini, na hakukaa. Hakuwahi kusema lolote kuhusu siku ile ya mchicha. Bi Mwanahalima naye hakuuliza, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa anamjia, na aliogopa asije akaacha kuja.

Jumatatu moja alikuja na dumu na kopo moja.

"Shikamoo, bibi. Umekula?"

"Marahaba. Bado."

Aliliweka kopo barazani. Ulikuwa mchanga mweupe, laini, na unyevu bado umo ndani yake.

"Wa wapi huu?"

Marijani alitazama kiatu chake. "Njia ya Kirongwe. Nyuma ya nyumba ya mtoto wa yule Bi Biubwa. Kuna tuta zuri pale." Akafungua daftari. "Na kisima."

Bi Mwanahalima alimimina maji ya dumu kwenye kata. Akasukutua mara tatu, akatema kwenye mabua makavu ya mchicha. Akaubana mchanga kwa vidole viwili, akauweka chini ya ulimi, akafumba macho.

Ulikuwa mtamu. Haukuwa na shaka hata kidogo. Akisema mtamu, watakuja kwa ajili ya zege. Akisema chumvi, Muhidini, au Muhidini mwingine, atakunywa vikombe viwili, afute midomo, aandike. Alilitafuta neno la tatu. Baba yake hakumfundisha jingine. Upande wa mashimo lori lilikuwa linarudi nyuma na kulia pii, pii, pii.

"Bibi?"

Hakufumbua macho. Mate yalikuwa yanajaa mdomoni, na mchanga unaanza kutembea.

"Bibi, niandike nini?"

Sheria ya kwanza ya kazi ile, kabla hata ya kutodanganya, ni kwamba mchanga haumezwi. Bi Mwanahalima aliumeza. Ulishuka ukimkwaruza, chembe kwa chembe, mpaka ukaisha, akafumbua macho na kumtazama.

Marijani alishusha kalamu.

"Hakuna neno, bibi," alisema kwa sauti ya chini, akainama na kumsogezea kopo aonje tena. Lilikuwa bado limejaa.